Kihisi cha haidrojeni katika hewa ya Pemba

Hotuba kwa mafundi wa umeme na sola, walimu na wanafunzi wa sayansi, Chake Chake

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, walimu, kina mama wa sola, na nyinyi vijana wa skuli mliokuja na sare zenu mchana huu wa joto, ahsanteni. Nimeombwa nizungumze juu ya kifaa kinachoenea kwenye ncha ya kidole, kile kinachotambua gesi ya haidrojeni. Nitafika huko. Kwanza piteni nami kwenye stoo ya mjomba wangu.

Mnakumbuka Unguja ilivyokuwa kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Umeme unaokuja kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, ulikatika, na kisiwa kizima kikakaa kiza miezi mitatu. Mjomba alikuwa na kiduka Mwanakwerekwe. Akanunua jenereta, akaanza kuwachajia watu betri zao, zile betri za maji ambazo kila mmoja humu anazijua. Alizipanga kwenye stoo ya nyuma: dari ya zege, mlango wa chuma, na dirisha moja lililozibwa kwa matofali kwa kuogopa wezi. Asubuhi moja binamu yangu aliingia kuchomoa koleo za chaja. Cheche moja tu. Hapakuwa na harufu wala moshi. Tulichosikia ni mshindo. Betri mbili zilipasuka na tindikali ikamrukia usoni. Tulimmwagia maji mpaka madumu yote yakaisha. Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikupona.

Tangu siku ile, nikiingia chumba chenye betri huwa naangalia dari kabla sijaangalia betri.

Nini kilitokea mle? Betri ya risasi na tindikali ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia hauna tena pa kujihifadhi, basi huanza kuyavunja maji yaliyomo. Kwenye betri ya volti 12, ukivuka kiasi cha volti 14.4, utasikia inatokota. Povu lile ni haidrojeni na oksijeni, vikitoka pamoja, kwa kipimo kile kile kinachopenda moto. Na haidrojeni haina rangi, haina harufu, haina ladha. Fundi akikwambia "nimesikia harufu ya haidrojeni", amesikia kitu kingine. Ile harufu ya yai viza inayotoka kwenye betri iliyochajiwa kupita kiasi ni salfidi ya haidrojeni, gesi nyengine kabisa, nayo ni sumu. Haidrojeni yenyewe hujaza chumba kimya kimya, na hata ikishika moto mchana, ndimi zake hazionekani vizuri kwa jicho.

Tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii ilinitia hofu kuliko ule mshindo wenyewe. Ampea moja ikiingia kwa saa moja kwenye betri iliyokwisha jaa hutoa haidrojeni kama lita 0.42 katika kila seli. Kwa joto letu huvimba ikakaribia lita 0.46. Betri ya volti 12 ina seli 6. Chukua betri 4 zilizofungwa mfululizo, na chaja inayosukuma ampea 10 isiyojua kusimama. Seli 24, mara 10, mara 0.46: ni lita 110 kila saa. Stoo ya mjomba ilikuwa mita 2 kwa mita 2, na kimo chake mita 3, yaani lita 12,000 za hewa. Haidrojeni huanza kushika moto ikifika asilimia 4 ya hewa, na huendelea kushika mpaka asilimia 75. Asilimia 4 ya stoo ile ni lita 480. Kwa hiyo chumba kilichofungwa kinahitaji muda usiotimia masaa matano. Na huo ni wastani wa chumba kizima. Pale chini ya dari, ambako gesi hii nyepesi kuliko zote hukimbilia, na pale kwenye vifuniko vya betri, hatari hufika mapema zaidi. Cheche inayohitajika ni milijuli 0.02. Ile unayoisikia gizani ukivua fulana ya nailoni ina nguvu kuliko hiyo.

Pua haifai kazi hii. Ndiyo maana tunahitaji kihisi.

Vihisi hivi vilianzia Japani. Mwaka 1962 Tetsuro Seiyama, wa Chuo Kikuu cha Kyushu, alionesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki ukipashwa moto hubadilisha tabia yake ya umeme unapoguswa na gesi. Mwaka huo huo Naoyoshi Taguchi naye aliomba hataza ya kifaa cha oksidi ya bati. Nyumba za Wajapani wakati ule zilikuwa zinaingia mitungi ya gesi jikoni, kama zetu sasa, na nyumba zikiripuka. Taguchi alitaka kitu cha bei ndogo cha kutundika ukutani. Kile unachokinunua leo kwa jina la MQ-8 au TGS ni mjukuu wa kazi ile. Na ninaposema bati, vijana, simaanishi bati la kuezekea. Nakusudia madini yenyewe ya bati.

Sasa kinafanyaje kazi? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu fundi asiyeelewa jambo hili atauziwa namba za uongo na kifaa kizima kabisa.

Kihisi hakiinusi haidrojeni. Kinachopimwa ni oksijeni inavyoondoka. Oksidi ya bati ni chembe ndogo sana zilizogusana, na umeme hupita kutoka chembe hii kwenda ile. Fikirini chochoro za Mji Mkongwe. Elektroni, zile chembe zinazobeba umeme, ndio wapita njia. Hewa ya kawaida ina oksijeni, na oksijeni ikikaa juu ya chembe zilizopashwa moto hunyakua elektroni na kuzishikilia. Ni kama watu waliojaa kwenye baraza za pande zote mbili, miguu wameitoa njiani: chochoro inakuwa nyembamba, wapitaji wachache. Ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unakuwa mkubwa. Ikija haidrojeni, inaungana na ile oksijeni iliyokaa barazani, wanaondoka pamoja wakiwa mvuke wa maji, na elektroni zilizoshikiliwa zinaachiwa zirudi njiani. Chochoro inafunguka. Ukinzani unashuka. Kushuka huko ndiko kunakosomwa na mita yako.

Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo chochoro inavyozibika na kufunguka kwa urahisi. Zikishuka chini ya nanomita 6 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, takriban chembe nzima inakuwa baraza, na kihisi kinakuwa kikali sana. Watengenezaji huongeza pia chembechembe za madini ya paladi au platini. Hizo kazi yake ni kuipasua molekuli ya haidrojeni vipande viwili ili iungane upesi. Ziko oksidi nyengine, kama ya shaba na ya nikeli, ambazo hufanya kinyume: gesi ikija, ukinzani hupanda. Hizo hamtakutana nazo sana sokoni.

Mkishaelewa kwamba kinachopimwa ni mapatano baina ya oksijeni, haidrojeni na ule uso wa moto, mtaona kwa nini kila kitu kinachoigusa hewa hubadilisha jawabu.

Kwanza moto wenyewe. Ndani ya kihisi mna kipasha joto kidogo kinachokiweka kwenye nyuzi 200 mpaka 400. Kikipoa, haidrojeni inafika lakini haiungani. Kikizidi moto, inaungua juu juu kabla haijapenya ndani, na oksijeni nayo haikai. Baina ya hapo pana kiwango kizuri, na kila oksidi ina chake. MQ-8 inataka volti 5 kamili kwa kipasha joto chake, na inakula kiasi cha wati 0.8 au 0.9. Ukiipa volti 4.5 kwa sababu inveta imechoka, hukupunguza sehemu ya kumi tu ya nguvu. Umepunguza asilimia 19, kwa vile nguvu hufuata volti mara volti. Kihisi kinapoa na kinaanza kusema maneno mengine. Kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka, weka kidhibiti cha volti. Hilo silijadili na mtu.

Pia umeme ukikatika na kurudi, kihisi kilichopoa huanza kwa kushusha ukinzani wake ghafla, kama vile gesi imeingia, kisha hupanda taratibu. King'ora kisichopewa subira kitapiga kelele kila umeme unaporudi. Na kihisi kipya, au kilichokaa kabatini miezi, kinataka kuwashwa zaidi ya saa 24 kabla hujaamini namba yake.

Pili ni unyevu, na hapa ndipo palipo na maneno yangu hasa ya leo.

Aprili moja niliweka king'ora nilichokitengeneza mwenyewe kwenye chumba cha betri, kaskazini ya kisiwa hiki. Nilikipima mezani kwangu wakati wa kaskazi, siku kavu, madirisha wazi. Nikaweka kiwango cha kupigia kelele kwa kufuata mchoro wa kiwandani. Mvua za masika ziliposhika, kikaanza kulia usiku wa manane. Watu wa pale wakatoka nje na watoto, wakangoja, hakuna kitu. Kesho yake tena. Siku ya tano wakakichomoa, na waliniambia kwa adabu kubwa kwamba wamekichomoa. Hawakukosea. Nilikosea mimi, na kosa langu lingeweza kumtoa mtu mwengine jicho, kwa sababu chumba kile kikabaki bila mlinzi msimu mzima.

Nilirudi kwenye karatasi ya kiwandani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba vipimo vyote vilichukuliwa kwenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65. Nikasema, asilimia 65 na asilimia 85 zetu, tofauti si kubwa hivyo. Hapo ndipo nilipodanganyika. Asilimia ile ni ya kiasi ambacho hewa inaweza kubeba, na hewa ya moto hubeba zaidi. Kwenye nyuzi 20 na asilimia 65, mita moja ya ujazo ya hewa ina gramu 11 za maji. Kwenye nyuzi 30 na asilimia 85, hewa ya masika tunayoivuta hapa, ina karibu gramu 26. Ni zaidi ya mara mbili! Kihisi hakijui asilimia. Kinaguswa na maji yenyewe.

Na maji yanafanya mambo mawili mabaya kwa wakati mmoja. Mvuke ukikaa juu ya oksidi ya bati huachia elektroni na kuziteka nafasi za oksijeni. Elektroni zikiachiwa, ukinzani unashuka hata kama haidrojeni haipo: hiyo ndiyo kelele ya uongo ya usiku wa manane. Lakini nafasi za oksijeni zikishatekwa, haidrojeni ya kweli ikija inawakuta watu wachache barazani wa kuwaondoa, kwa hiyo badiliko linakuwa dogo kuliko ulivyotarajia. Kifaa kinapiga kelele pasipo na hatari, na hatari ikija kinaisema kwa sauti ndogo. Fundi anayejibu kelele za uongo kwa kusogeza kiwango juu analizidisha lile baya la pili, la hatari kusemwa kwa sauti ndogo. Nimeona wengi wakifanya hivyo, na nawaombeni msifanye.

Ninachofanya sasa ni hiki. Kando ya kihisi cha gesi naweka kihisi cha joto na unyevu, vile vidogo vya bei nafuu. Nina daftari. Naandika ukinzani katika hewa safi wakati wa masika, wakati wa kusi, wakati wa vuli na wakati wa kaskazi, asubuhi na usiku, pamoja na joto na unyevu wa wakati ule. Baada ya mwaka mmoja unajua kihisi chako kinasimama wapi katika hewa yako, na programu ndogo inaweza kuondoa sehemu ya unyevu kabla ya kuamua kulia. Msiitazame namba peke yake. Tazameni mwendo wake pia. Unyevu hupanda polepole pamoja na mawingu. Gesi ya betri hupanda baada ya chaja kuwashwa, na hushuka mlango ukifunguliwa.

Na kumbukeni kwamba jawabu lake si mstari ulionyooka. Gesi ikizidi maradufu, ukinzani haupungui nusu. Gesi ikiwa kidogo, kihisi hushtuka sana. Ikiwa nyingi, huchoka. Ukichora kwa mizani ya kawaida utapotea. Chora kwa mizani ya logi, ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, pande zote mbili, na walimu wa hesabu mliopo hapa mtawasaidia vijana kuliko mimi.

Tatu, gesi nyengine. Kihisi hiki hata kikiandikwa "haidrojeni" kinaguswa pia na spiriti, na gesi ya mtungi, na moshi wa mkaa, na manukato. Usiku wa harusi, udi ukifukizwa chumba cha pili, mita itasogea. Nyumba inayosindika mafuta ya karafuu karibu, hali kadhalika. Chagua kihisi kilichowekewa chujio na mtengenezaji kwa ajili ya haidrojeni, halafu jua nini kinafanyika nyuma ya ukuta.

Kuna kinachokiua kabisa, na mafundi wengi wanakiua kwa mikono yao. Ni gundi ya silikoni. Tunaziba visanduku kwa silikoni ili chumvi ya bahari isiingie, na mvuke wake unatua kwenye uso wa oksidi, ukipata moto unageuka kuwa kama kioo. Kihisi kinakuwa kipofu, na taa yake inaendelea kuwaka kama kawaida. Zibeni kwa mpira, au ikausheni gundi siku nyingi mbali na kihisi. Chumvi nayo haina huruma: inakula miguu ya kihisi na wavu wake wa chuma. Wavu ule msiutoe. Ndani mna kitu cha moto, na wavu unazuia moto usitoke nje, kwa kanuni ile ile ya taa ya wachimba makaa aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815.

Pa kukiweka: juu. Juu kabisa, chini ya dari, juu ya betri, pale hewa isipopigwa na feni. Kihisi cha gesi ya mtungi huwekwa karibu na sakafu kwa sababu gesi ile ni nzito. Cha haidrojeni ukikiweka chini umejiwekea pambo. Nyumba za makuti zilituhifadhi bila sisi kujua, paa lilipitisha kila kitu. Vyumba vyetu vya sasa vya zege vina boriti, na baina ya boriti na boriti gesi hujikusanya kama maji kwenye bakuli lililopinduliwa. Toboeni tundu hapo, na jengine chini ya mlango. Kihisi hakiondoi gesi. Tundu ndilo linaloondoa. Na king'ora kikilia, swichi ya feni isiwe ndani ya chumba kile kile.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni: sasa si watu wananunua betri za lithiamu? Kweli, zile hazitokoti haidrojeni zikichajiwa. Zikiharibika na kupasuka, gesi zinazotoka zina haidrojeni ndani yake. Na betri za risasi bado zimejaa visiwani humu, kwenye minara ya simu, magari, boti, na nyumba za watu ambao hawana uwezo wa kubadilisha mwaka huu.

Namna ya kukipima kihisi bila mtungi wa maabara nimewaandalia nje, chini ya mwembe. Kuna pipa la lita 100 lenye kifuniko kisichokazwa. Ndani nimeweka bakuli wazi la maji yenye soda safi ya kufulia, na ncha mbili za nikeli. Chumvi ya jikoni msitie kamwe, itatoa klorini, itakudhuruni nyinyi na kihisi pia. Ampea 1 kwa dakika 13 inatoa haidrojeni lita 0.1, ambayo ndani ya pipa ni sehemu 1,000 kwa milioni. Bakuli liko wazi ili gesi isijikusanye popote, na hatutavuka lita 1, ambayo ni asilimia 1, robo ya kiwango cha hatari. Walimu watashika saa. Vijana wawili wataandika ukinzani kila dakika, mmoja joto na unyevu.

Asubuhi daftari limesoma nyuzi 29 na unyevu asilimia 81, hewa safi. Twendeni nje kabla mvua haijarudi, na tafadhalini, wenye sigara na simu ziacheni humu ndani.